Fanani, Hadhira na Kumbukumbu: Maoni juu ya Siku za Mwanzo za Mkutano wa Wapenzi wa Katuni wa San Diego

Utangulizi

Tarehe 21 Machi 1970, katika vyumba vya chini ya ardhi vya hoteli ya U.S. Grant mjini San Diego, jimbo la California, palifanyika mkutano wa siku moja wa wapenzi wa vitabu vya katuni. Waliohudhuria hawakufika mia moja na hamsini: baadhi ya masimulizi hutaja watu 100 hivi, mengine hutaja 145. Wageni waalikwa walikuwa Forrest J Ackerman, mhariri aliyejulikana sana kwa jarida lake la filamu za kutisha, na mchoraji Mike Royer. Shabaha ya siku hiyo ilikuwa kupata fedha za kuandalia mkutano mkubwa zaidi, na mkutano huo ulifanyika kweli katika hoteli hiyohiyo, kuanzia tarehe 1 hadi 3 Agosti mwaka huohuo, ukahudhuriwa na watu 300 hivi. Kutokana na mikusanyiko hiyo miwili ndipo ulipozaliwa mkutano wa kila mwaka unaojulikana leo duniani kote kwa jina la Comic-Con, ambao katika miaka ya 2010 ulikuwa ukipokea watu zaidi ya 130,000 kwa msimu mmoja.

Kumbukumbu za siku hizo za mwanzo zimesimuliwa mara nyingi mno. Zimesimuliwa katika vitabu vya ukumbusho vya mkutano wenyewe, katika tanzia za waasisi waliofariki, katika mfululizo wa vipindi vya sauti uliotolewa mwaka 2021, na katika kitabu kikubwa cha masimulizi kilichohaririwa na Mathew Klickstein na kuchapishwa mwaka 2022. Hata hivyo, wanataaluma walio wengi wamezipokea kumbukumbu hizo kama porojo za wazee wanaotamani ujana wao, au wamezitumia kwa jambo moja tu, yaani kutafuta nani alikuwa wa kwanza. Makala haya yanashikilia kwamba matumizi hayo ni finyu. Thamani ya masimulizi hayo si tarehe zilizomo, maana tarehe hupatikana kwingine kwa uhakika zaidi. Thamani yake ni kwamba yanahifadhi habari ya uhusiano baina ya fanani na hadhira ambao nadharia za fasihi andishi hazina nafasi ya kuuweka. Wanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili wanao msamiati wa kuueleza uhusiano huo, na ni ajabu kwamba hawajautumia katika fasihi pendwa ya kwao wenyewe.

Barua kabla ya mkutano

Kabla ya wasomaji kukutana ana kwa ana, walikutana kwa kalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wahariri wa kampuni ya DC ya New York walianza kuchapa anuani kamili za wasomaji walioandika barua katika kurasa za mwisho za vitabu vyao vya katuni. Uamuzi huo mdogo wa kiuhariri ulikuwa na matokeo makubwa. Kijana wa Ohio aliyekuwa akidhani kwamba ni yeye peke yake anayesoma vitabu vilivyodharauliwa na walimu wake sasa aliweza kumwandikia kijana wa Texas mwenye maradhi yaleyale. Kutokana na barua hizo yalizaliwa majarida madogo ya mashabiki, yaliyopigwa chapa kwa mashine za mkono na kusambazwa kwa posta. Alter Ego, lililoanzishwa na Jerry Bails mwaka 1961, ni miongoni mwa yale ya awali na yaliyosifika zaidi.

Inafaa ikumbukwe kwamba dharau hiyo haikuwa ya kufikirika. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Mwaka huohuo kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilisikiliza ushahidi juu ya suala hilo, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za kujichuja wenyewe. Maktaba za vyuo vikuu hazikuvikusanya vitabu hivyo. Ni mwaka 1970, mwaka uleule wa mkutano wa San Diego, ambapo Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kilianza kuweka mkusanyo wake wa katuni kutokana na juhudi za Profesa Russel Nye. Kabla ya hapo maktaba ilikuwa chini ya kitanda cha kijana, na mtaalamu wa fani alikuwa kijana mwenyewe.

Neno "mtaalamu" halikutumiwa hapa kwa mzaha. Mfano wa Carl Barks unatosha. Kwa miaka mingi Barks aliandika na kuchora hadithi za bata wa Disney bila jina lake kuonekana popote, kwa kuwa kampuni haikuruhusu jina lingine lolote ila lake. Wasomaji, wengi wao wakiwa watoto, walitambua kwamba miongoni mwa wachoraji wengi wasiotajwa alikuwamo mmoja aliyewapita wengine; walimtambua kwa mstari wake, kwa mpangilio wa mazungumzo yake na kwa namna alivyofunga hadithi, wakampa lakabu ya mchoraji mzuri wa bata. Mnamo mwaka 1960 baadhi yao walifanikiwa kulipata jina lake na kumwandikia. Mwanaisimu atakiri kwamba kazi waliyoifanya watoto hao ni uchambuzi wa mtindo kwa maana yake kamili: kutofautisha mtunzi na mtunzi kwa ushahidi wa matini peke yake. Tofauti ni kwamba hawakuwa na istilahi zake, wala hawakuzihitaji.

Hali hii si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambamo washairi wa mbali na mbali walijibizana, wengi wakitumia lakabu, wakafahamiana kwa vina kabla ya kufahamiana kwa sura. Baadaye palikuwa na chama cha UKUTA, ambacho Mathias Mnyampala alikiongoza. Tofauti za fani na za kihistoria ni nyingi, na haifai kuzifumbia macho. Lakini njia ni ileile, ya ukurasa wa wasomaji kuzaa ujamaa, na ujamaa kuzaa mkutano.

Fanani mezani pamoja na hadhira

Waasisi wa mkutano wa San Diego walikuwa kundi la ajabu kidogo. Shel Dorf alikuwa mtu mzima wa miaka 36, aliyehamia kutoka Detroit, ambako mwaka 1965 alishiriki pamoja na Jerry Bails katika kuandaa mkutano wa awali wa wapenzi wa katuni. Ken Krueger, muuza vitabu wa eneo la Ocean Beach, alikuwa na umri mkubwa zaidi na alikuwa amehudhuria mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa bunilizi za kisayansi, uliofanyika New York mwaka 1939. Waliobaki walikuwa vijana wa shule: Richard Alf, ambaye hakuwa amefikisha miaka 20 lakini tayari aliendesha biashara ya katuni kwa njia ya posta, na ambaye alitoa sehemu ya fedha za kuanzia, Mike Towry, Bob Sourk, Ron Graf, Dan Stewart, na Barry Alfonso, aliyekuwa na umri wa miaka 12 tu.

Mgeni aliyewavutia zaidi ya wote katika mkutano wa Agosti alikuwa Jack Kirby. Pamoja na Joe Simon, Kirby ndiye aliyembuni Captain America; pamoja na Stan Lee alibuni wahusika wengi waliojenga jina la kampuni ya Marvel katika miaka ya 1960. Mwaka 1969 alihamia California, na kabla ya mwaka huo kwisha Dorf aliwapeleka baadhi ya vijana hao nyumbani kwake. Aliwapokea. Masimulizi ya ziara hiyo, kama yalivyo masimulizi ya mkutano uliofuata, hayasemi mengi juu ya kazi za Kirby. Yanasema jinsi alivyokaa, jinsi alivyojibu maswali ya kitoto kwa uzito uleule aliojibia ya watu wazima, jinsi alivyochora wakimtazama. Mtafiti wa kawaida angeliyaacha mambo hayo kwa kuwa hayahusu matini.

Lakini mwaka 1971, katika mojawapo ya matoleo ya hadithi za Jimmy Olsen alizokuwa akiziandika na kuzichora kwa ajili ya DC, Kirby aliingiza kundi la wahusika waovu wenye vyombo vya muziki, akaliita kwa jina la mji wa San Diego. Wahusika hao walitokana na vijana wa mkutano. Hadhira iliingia ndani ya hadithi! Mwanafunzi yeyote wa ngano za Kiswahili anaifahamu mbinu hiyo: msimuliaji wa jioni humpa sungura jina la mtoto mtukutu aliyekaa mbele yake, na watoto wote hucheka kwa sababu wote wanamjua anayesemwa. Mbinu hiyo haiwezekani pasipo ukaribu. Katika kitabu kilichochapwa kwa mamia ya maelfu na kuuzwa nchi nzima, Kirby alifanya jambo ambalo kwa kawaida hufanywa na fanani mbele ya hadhira anayoiona. Na ni watu wachache waliokuwapo San Diego tu walioweza kulipata dokezo lake. Pasipo kumbukumbu zao, mchambuzi wa leo angeusoma ukurasa huo kama kichekesho kisicho na asili.

Hapa ndipo nadharia ya kawaida ya fasihi andishi inapopungukiwa. Hiyo humweka mtunzi upande mmoja, msomaji upande mwingine, na matini katikati. Kila mmoja humjua mwenzake kwa kukisia. Wataalamu wa fasihi simulizi wamefundisha kwa muda mrefu kwamba fanani na hadhira huwa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na kwamba hadhira hushiriki katika utunzi. Mwitiko wa "Paukwa" ni "Pakawa", na hadithi haianzi mpaka uitikiwe. Mikutano ya mwanzo ya San Diego ilichukua fasihi ya kiwandani, iliyotungwa kwa mshahara na kuchapwa kwenye karatasi duni, ikairudisha katika mazingira ya utendaji. Ray Bradbury, mwandishi mashuhuri wa bunilizi za kisayansi, naye alikuwapo Agosti 1970. Husimuliwa kwamba aliacha kudai malipo yake ya kawaida alipoelezwa kwamba waandaaji hawakutafuta faida. Kuanzia mwaka 1972 mkutano ulifanyika mara nyingi katika hoteli ya El Cortez, na mahali panapotajwa mno katika kumbukumbu za miaka hiyo si ukumbi wa mihadhara bali ukingo wa bwawa la kuogelea, ambako wachoraji na wasomaji walikaa pamoja hadi usiku mwingi. Jambo hilo linastahili kuchukuliwa kama data. Panapotajwa na wengi bila ya kuulizwa ndipo palipokuwa jukwaa lenyewe.

Siku hizi ukumbi mkubwa wa mkutano huo huchukua watu 6,500 hivi, na wanaotaka kuingia hulala nje usiku kucha. Msanii huonekana kwenye viwambo vikubwa. Hakuna haja ya kulaumu. Watu wengi wamefurahia huko, na wachapishaji wadogo wamepata riziki. Lakini kuuita mkutano wa namna hiyo kuwa ni uleule wa 1970 ila umekua ni kukosea kipimo, kama vile kudai kwamba mhadhara wa redio ni ngano ya jikoni iliyopata wasikilizaji wengi. Dorf mwenyewe katika miaka yake ya mwisho hakuficha kwamba ukubwa huo haukumpendeza.

"Sisi" ni nani?

Masimulizi ya waasisi yana tatizo la kisarufi ambalo ni tatizo la kihistoria pia. Msimuliaji asemapo kwa Kiingereza kwamba "sisi tulianzisha", nafsi ya kwanza wingi haionyeshi mipaka yake. Zipo lugha duniani zenye viwakilishi viwili, kimoja kinachomjumuisha msikilizaji na kingine kinachomtoa. Kiingereza hakimo, wala Kiswahili na kiambishi chake cha tu-. Katika simulizi moja "sisi" ni vijana watano waliokaa chumbani mwa Alf. Sentensi mbili baadaye "sisi" ni watu wote 300 waliokuwa hotelini. Na mwisho wa simulizi "sisi" ni mashabiki wote wa Marekani. Msikilizaji huvuka mipaka hiyo bila kujua, na ndivyo sifa ya wachache inavyogeuka kuwa mali ya wengi au, mara nyingi zaidi, kazi ya wengi inavyogeuka kuwa sifa ya mmoja.

Mabishano juu ya nani mwasisi yametokana kwa kiasi fulani na hali hiyo. Magazeti yalizoea kumwita Dorf mwasisi kwa umoja. Wengine husisitiza kazi ya Krueger, ambaye alikuwa mtu mzima aliyeweza kuzungumza na meneja wa hoteli, au fedha na gari la Alf. Mjadala huo ukisomwa kwa makini utaonekana hauwezi kuamuliwa, kwa sababu wanaobishana hawabishanii jambo moja. Kwa Dorf, kuanzisha kulikuwa kuleta wazo kutoka Detroit. Kwa Alf, kutoa fedha. Kwa kijana wa miaka 12, kuwapo. Kitenzi kimoja kina shamirisho kadhaa zisizotajwa.

Kwa hiyo hoja ya uasisi ingefaa iachwe, au angalau isipewe kiti cha mbele. Kwa upande wa tarehe, San Diego haikuwa ya kwanza kwa vyovyote: mashabiki walikwisha kutana New York mwaka 1964 na Detroit mwaka 1965. Wahariri wanaokusanya masimulizi nao wana dhima yao. Katika kitabu cha 2022 sauti za wasimulizi zimekatwa vipandevipande na kupangwa kwa mfuatano wa mada, hata msomaji huona kama kwamba watu hao wamekaa barazani wakipokezana. Njia hiyo ina uzuri wa kuacha hitilafu zionekane. Ina kasoro pia: anayeuliza hafahamiki ameuliza nini, na msomaji hawezi kujua kama "sisi" ya msimuliaji ilitokana na swali lililoulizwa kwa wingi. Mwanaisimu angelipenda maswali yachapwe pamoja na majibu, hata kama kitabu kingelikuwa kizito mara mbili.

Neno na mwenyewe

Kumbukumbu za siku za mwanzo zilipata uzito usiotarajiwa zilipofika mahakamani. Kipashio con, kilichofupishwa kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mkutano, kilikuwa mali ya wapenzi wa bunilizi za kisayansi kabla wapenzi wa katuni hawajakiazima. Watu hao hao ndio waliounda neno fanzine mwaka 1940, kwa kuunganisha vipande vya maneno mawili, wakilipa jarida la mashabiki jina lake. Mwaka 1968, mkutano wa wapenzi wa katuni uliofanyika Birmingham, Uingereza, ulijiita Comicon. Waandaaji wa San Diego nao hawakuwa na jina moja: walitumia Golden State Comic-Con mwaka 1970 na 1971, wakabadili kuwa West Coast Comic Convention mwaka 1972, na mwaka 1973 ndipo jina la San Diego Comic-Con liliposhika. Kila mzungumzaji aliyejua kanuni za uundaji wa maneno katika jamii ile angeweza kuliunda neno hilo bila kulisikia kwa mwingine.

Mwaka 2014 shirika linaloendesha mkutano wa San Diego, ambalo si la kibiashara kisheria, liliwashtaki waandaaji wa mkutano kama huo wa Salt Lake City kwa kutumia neno hilo. Washtakiwa walijitetea kwamba ni jina la jumla, kama soko au maktaba, na kwamba mikutano mingi nchini ililitumia. Desemba 2017 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba jina ni alama halali ya shirika la San Diego na kwamba haki imevunjwa, ingawa si kwa makusudi. Fidia ikawa dola 20,000. Mkutano wa Salt Lake City ulibadili jina na kuitwa FanX.

Katika kesi hiyo ushahidi wa matumizi ya leo, ukiwamo uchunguzi wa maoni ya watumiaji, ulishinda ushahidi wa asili. Kwa kanuni za isimu ya maelezo pengine hilo si kosa: maana ya neno ni matumizi yake kwa wazungumzaji walio hai, si asili yake. Lakini inatia shaka kuona kanuni hiyo ikitumika kulifunga neno badala ya kulieleza. Matumizi ya leo yamejengwa kwa matangazo ya miongo kadhaa, na anayeulizwa leo neno hilo lina maana gani hujibu alichotangaziwa. Wazee wa 1970, kila wanaposimulia, hulitumia neno con kwa maana ya jumla, huku wakitaja ile ya Detroit, ile ya New York, ile ya kwetu. Sarufi ya masimulizi yao imehifadhi hali ya lugha iliyokuwapo kabla ya alama ya biashara. Mtafiti wa mabadiliko ya maana hawezi kupata hazina bora zaidi ya hiyo.

Ni vyema kuongeza kwamba neno lenyewe limekwisha fika Afrika Mashariki: katika miaka ya 2010 palikuwa na mkutano wa Nairobi uliochukua jina la NAICCON, kwa mbinu ileile ya ufupishaji. Likitoholewa kwa Kiswahili litakuwa komikoni, nalo halina ubaya, ijapokuwa mtoto wa mjini atafikiri kwanza ile koni ya aiskrimu. Wahusika wa istilahi hawana haja ya kuharakisha. Kiswahili kinalo "kongamano" kwa wasomi na "tamasha" kwa burudani, lakini mkusanyiko ambamo wasomaji na watunzi hukaa sawa bado haujapata jina lake, labda kwa kuwa jambo lenyewe halijazoeleka.

Upande wa Kiswahili

Katuni za Kiswahili zina historia ndefu ya kutosha. Juha Kalulu wa E. G. Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo nchini Kenya kwa miongo mingi. Chakubanga wa Christian Gregory alijulikana kwa kila msomaji wa gazeti la Uhuru nchini Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, jarida la Sani la Dar es Salaam liliwapa wasomaji wake Kipepe, Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Madenge na Pimbi, majina ambayo baadhi yake yamekuwa maneno ya mitaani kwa kumtaja mtu wa tabia fulani. Wataalamu kadhaa, wakiwamo wa Ulaya, wameandika juu ya katuni hizo, na kazi zao ni za manufaa. Takriban zote zimemtazama mchoraji, mhusika au lugha ya matini. Msomaji hutajwa kama idadi ya nakala zilizouzwa.

Msomaji wa Sani wa mwaka 1985 aliyekuwa na umri wa miaka 15 sasa amepita hamsini. Hakuna bwawa la El Cortez lililomkutanisha na mchoraji wake, na hakuna kitabu cha ukumbusho kilichoandika jina lake. Hata hivyo yapo mambo anayoyajua ambayo hayamo katika nakala zilizobaki: alilipata wapi jarida, nani alilisoma kwa sauti na nani waliomzunguka, wahusika gani waliigwa shuleni na kwa sauti ya namna gani, misemo ipi ilitoka kwenye picha ikaingia uwanjani. Kama fanani wa Sani walisikia misemo ya mitaani wakaitia vinywani mwa wahusika, na mitaa ikaipokea tena, basi mwelekeo wa ukopaji huo hauwezi kujulikana kutokana na matini peke yake. Swali hilo ni la isimu-jamii moja kwa moja, nalo linahusu uundaji wa msamiati wa Kiswahili cha mjini katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kwa sasa linajibiwa kwa kukisia.

Wenzao wa San Diego wamekwisha onyesha gharama ya kuchelewa. Dorf na Krueger walifariki katika mwezi mmoja, Novemba 2009. Alf akafuata Januari 2012. Masimulizi yaliyokusanywa kwa ajili ya vipindi vya 2021 yalibidi yawazungumzie zaidi kuliko kuwasikiliza, na ndiyo maana mjadala wa uasisi unaendelea pasipo wahusika wake wakuu. Huko, angalau, palikuwa na majarida ya mashabiki, picha na vipeperushi vya kujazia pengo. Kwa wasomaji wa Sani au wa Chakubanga ushahidi wa aina hiyo ni haba sana.

Kazi hii inafaa kwa tasnifu za uzamili, na haidai vifaa zaidi ya kinasa sauti na nauli ya daladala. Inadai uangalifu katika mambo mawili. Kwanza, mazungumzo yanukuliwe kama yalivyosemwa, pamoja na maneno ya mitaani na makosa ya kukumbuka, bila kusanifishwa kwa ajili ya msimamizi wa tasnifu. Msomaji anayekumbuka jina la mhusika kwa namna isiyo sahihi anatoa habari ya jinsi jina hilo lilivyotamkwa mtaani kwake. Pili, wasimulizi wahojiwe wawili au watatu kwa pamoja kila inapowezekana, ndugu waliolala chumba kimoja au rafiki waliochanga fedha za kununulia nakala moja, kwa kuwa mmoja atasema "tulisoma" na mwenzake atamkatiza pale pale: "Sisi nani? Wewe ulikuwa hujui kusoma, mimi ndiye niliyekusomea."